Barafu, Umeme na Kumbukumbu za Utotoni Mjini Kalemie

Kumbukumbu za utotoni zilizoandikwa nchini Marekani zina sauti moja inayojirudia, nayo ni kengele ya gari la aiskrimu. Mwaka 1920 Harry Burt, mtengenezaji wa peremende wa Youngstown, Ohio, alianza kupeleka aiskrimu za vijiti mitaani kwa magari yaliyofungwa kengele. Mwaka 1956 kampuni ya Mister Softee ikaanzishwa huko Philadelphia, na kengele ikageuka wimbo. Mtoto wa mjini akazoea kukumbuka majira ya joto kwa mlio uliomjia mlangoni. Mwanahistoria anayeichukua kumbukumbu hiyo kuwa kipimo cha utoto wa mjini kila mahali, kisha akafika nayo Kalemie, atarudi mikono mitupu. Huko kitu cha baridi hakikumfuata mtoto. Mtoto ndiye aliyekifuata.

Kalemie, Albertville ya zamani, ipo ufukoni magharibi mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani. Tangu reli ya Kabalo ilipofika hapo mwaka 1915, mji umekuwa lango kati ya ziwa na bara la Kongo. Majira yake ni mengine kabisa. Likizo ndefu ya shule, yaani Julai na Agosti, huangukia kiangazi, wakati upepo wa kusini unavuma ziwani na usiku una ubaridi. Joto kali huja Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, watoto wakiwa wamekwisha kurudi darasani. Ndiyo maana barafu huambatana na njia ya shule zaidi kuliko na likizo.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi wa aina yake. Kiswahili kilipokea neno barafu kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni theluji. Na neno theluji likatoka Kiarabu. Kitu chenyewe kilikuwa mgeni kama majina yake. Mmisionari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro mwezi Mei 1848, kiongozi wake wa njia alikiita weupe ule kwa neno baridi tu. (Huko London mwanajiografia W. D. Cooley alikataa kabisa kuamini habari hiyo, jambo linaloonyesha kwamba ujinga wa theluji ya Afrika haukuwa wa Waafrika pekee.) Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta alilijua ubaridi kama hali, kuujua kama kitu cha kushikwa mkononi, cha kununuliwa na kulambwa, kulihitaji mashine.

Mashine hiyo katika miji ya Kongo ya Wabelgiji iligawanywa kama mji wenyewe ulivyogawanywa. Friji ya mafuta ya taa, iliyotokana na uvumbuzi wa Baltzar von Platen na Carl Munters huko Stockholm mwaka 1922, iliweza kufanya kazi mahali pasipo waya wa umeme: moto mdogo chini ya mtungi, na amonia ikizunguka ndani. Ilikuwa mali ya misheni, maofisa na maduka ya Wazungu. Ng'ambo ya mpaka wa mtaa wa Wazungu, katika makazi ya wafanyakazi wa reli, bandari na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, samaki alikaushwa juani au motoni. Ndagala aliyepandishwa treni kwenda Katanga alikuwa mkavu. Mji uliozungukwa na samaki kiasi hicho uliishi bila barafu ya kumhifadhi, sembuse ya kumfurahisha mtoto.

Umeme uliobadilisha hali hiyo ulitoka mbali. Kituo cha Bendera, kwenye Mto Kiymbi, kipo zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa mji, na waya unapita porini umbali wote huo. Jina la Bendera linajulikana kwa sababu nyingine. Waasi waliuteka mji katikati ya mwaka 1964 na wakaupoteza mwezi Agosti mwaka huohuo. Juni 1965 wapiganaji waliokuwa pamoja na Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili, walishambulia kambi ya Bendera na kituo chake cha umeme, wakashindwa vibaya. Vitabu vya vita hueleza makosa ya mpango huo. Havielezi kwamba kilicholengwa ndicho chanzo cha taa na friji za mji mzima.

Mwaka 1970 Shirika la Taifa la Umeme, SNEL, liliundwa. Kadiri waya ulivyofika katika nyumba za kawaida, friji ikawa duka. Mama mwenye nyumba hukoroga sharubati au maziwa ya unga, hutia katika vifuko vya plastiki, hufunga fundo, hugandisha usiku, na kesho huuza mlangoni au humpa mtoto beseni azungushe. Biashara hii haihitaji gari, leseni wala kengele. Inahitaji saa kadhaa za umeme mfululizo, na hapo ndipo inapokuwa ushahidi wa kihistoria. Umeme ukikatika, kifuko hurudi kuwa maji matamu kabla ya adhuhuri, na hasara ni ya mama. Mtoto huijua hitilafu ya waya wa Bendera mapema kuliko karani yeyote wa ofisi ya umeme.

Mwezi Agosti 1998 mji uliingia mikononi mwa waasi wa RCD na washirika wao wa Rwanda, na kwa miaka mitano ukatengwa na Kinshasa. Historia ya kipindi hicho imeandikwa zaidi kwa majina ya majeshi na mikataba. Anayetaka kujua raia waliishije afadhali aulize, kila mtaa na kila mwaka, ni nyumba ipi iliyokuwa ikiuza barafu, na ni lini iliacha. Wengi wasioweza kutaja tarehe ya mapatano hata moja wataweza kuonyesha mlango.