Miaka 35 jela, na muuaji wa Pinto bado hajulikani

Ukisikia Westlands unawaza klabu na maghorofa, sivyo? Sasa rudi nyuma hadi Jumatano, 24 Februari 1965. Asubuhi hiyo Pio Gama Pinto, mbunge wa miaka 37, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake nje ya nyumba yake huko Westlands. Binti yake mdogo alikuwa kiti cha nyuma. Kenya ilikuwa haijamaliza hata miezi 15 ya uhuru.

Pinto hakuwa mtu wa kunyamaza. Wakoloni walimfunga kizuizini miaka ya hamsini kwa kusaidia Mau Mau, na baada ya uhuru akaanza kuuliza wakubwa wapya maswali kuhusu mashamba. Alikuwa mtu wa karibu wa Jaramogi. Maadui alikuwa nao, na si wa kijijini.

Lakini waliofikishwa kortini ni akina nani? Vijana wawili tu wa mtaani, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Chege akaachiliwa. Kisilu, kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, akahukumiwa kunyongwa, kisha ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Kisilu alishikilia kwamba alitumwa kumtisha Pinto tu, na kwamba risasi zilipigwa na mtu mwingine. Tuseme hata alidanganya. Kijana kama huyo alikuwa na ugomvi gani na mbunge wa kuuliza mambo ya mashamba? Hata jaji aliyemhukumu alikiri kwamba kesi inaonekana haijakamilika, kwamba huenda wahusika wote hawakuwa mbele yake. Yaani unajua kuna wengine, halafu unamnyonga huyu mmoja uliye naye? Hapo ndipo mimi hukwama. Maiti haisemi, na ni Kisilu ndiye angeweza kuwataja waliomtuma.

Kisilu aliingia jela Kenyatta akiwa rais, na akatoka mwaka 2000, Moi akiwa rais. Miaka 35! Ndevu zilimwotea na kuwa mvi humo ndani. Na hakutoka kwa sababu korti ilimwondolea hatia. Alitoka kwa msamaha wa rais, kwa hivyo kwenye karatasi za serikali muuaji wa Pinto ni yeye.

Mwaka 2013 ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano, TJRC, ilirudia kesi hiyo na kunyooshea serikali ya wakati huo kidole. Hadi leo hakuna mtu mwingine aliyewahi kushtakiwa.