Utetezi wa Bwana X

Tarehe 11 Desemba 1945, mjini Stockholm, Alexander Fleming alisimama kutoa mhadhara wake wa Nobel. Ndiye aliyegundua penisilini mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, kwa hiyo siku hiyo alikuwa na kila sababu ya kujisifu. Lakini kabla hajaketi alitoa kisa. Bwana X anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anameza kidogo tu: haitoshi kuua vijidudu, inatosha kuvifundisha kujikinga. Anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anapewa penisilini, dawa haifanyi kazi, mama wa watu anakufa. Nani alaumiwe? Fleming akajibu mwenyewe: Bwana X, kwa uzembe wake.

Kisa hicho kina miaka 80 na bado kinatembea. Redio ikikuhimiza umalize dozi, anayesemwa ni Bwana X. Mhudumu akikuuliza kwa ukali ulinunua wapi vidonge viwili viwili, anamwona Bwana X mbele yake. Mimi ni mtu wa Wenje, kando ya Mto Tana, kati ya Hola na Garsen. Kwetu Wapokomo wanalima kingoni mwa mto, Waorma na Wardei wanachunga ng'ombe. Tukisikia maneno "matumizi mabaya ya dawa", tunajua kidole kinaelekezwa wapi.

Hebu nimtetee Bwana X, walau nusu. Ushahidi wangu unatoka kwenye friza za maabara.

Sam Kariuki alisomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akageukia bakteria. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979. Kazi yenyewe ukiieleza haina mbwembwe. Unachukua damu au choo cha mgonjwa, unaotesha bakteria waliomo, unawapaka kwenye sahani, unaweka vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, unasubiri hadi kesho. Dawa ikifanya kazi, pembeni mwa karatasi panabaki duara tupu. Isipofanya kazi, bakteria wanaota hadi kwenye karatasi yenyewe. Kisha bakteria hao wanagandishwa na kuhifadhiwa. Fanya hivyo kwa miaka ishirini, utakuwa na kumbukumbu kama za ofisi ya nyaraka, tofauti ni kwamba hizi zinaweza kuamshwa zikasimulia upya.

Mwaka 2004 Kariuki na wenzake walichapisha walichokiona kwa bakteria 102 wa homa ya matumbo, waliotoka kwenye milipuko ya sehemu tatu za Kenya. Zaidi ya asilimia 80 walikuwa sugu kwa dawa tano kwa mpigo: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, streptomaisini na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaiita Septrin. Hizo ndizo zilizokuwa dawa za bei ya mwananchi.

Swali ni hili: kijidudu kimoja kilipataje usugu wa dawa tano? Kwa kisa cha Fleming, ingebidi Bwana X azembee mara tano, na dawa tano tofauti. Friza ilitoa jibu jingine. Usugu wote ulikuwa umefungwa pamoja kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachojitegemea ndani ya bakteria, na plasmidi hiyo iliweza kujihamisha yenyewe kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Wanasayansi wa Japani walikuwa wameliona jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuwa wakichunguza kuhara damu. Kwa hiyo bakteria anaweza kupokea usugu wa dawa ambayo hajawahi kukutana nayo. Na wewe unaweza kuugua homa ya matumbo sugu hata kama hujawahi kumeza kidonge maishani. Ulikunywa maji tu.

Kipo kisa cha pili, na hiki ni cha huzuni zaidi. Salmonella Typhimurium, nduguye kijidudu cha homa ya matumbo, huko Ulaya humpa mtu tumbo la kuendesha siku chache, basi. Huku Afrika anaingia kwenye damu ya watoto wachanga na ya watu wenye virusi vya UKIMWI, na anaua. Mwaka 2009 watafiti, Kariuki akiwa mmoja wao, walisoma DNA ya bakteria hao kutoka Malawi na Kenya, wakakuta ni ukoo wa peke yake, uliopewa jina ST313. Mwaka 2012 ukafuata uchunguzi mpana zaidi. DNA hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo ukilinganisha bakteria wa miaka tofauti unaweza kukadiria mababu zao walianza kusambaa lini. Yalipatikana matawi mawili: moja la karibu mwaka 1960, jingine la karibu 1977. Tawi la pili lilikuwa sugu kwa kloramfenikoli, dawa iliyotegemewa sana hospitalini, na kusambaa kwake kulikwenda sambamba na UKIMWI. Miili iliyodhoofishwa na virusi na dawa iliyokwisha makali vilikutana njia moja. Hapo pia simwoni Bwana X.

Basi labda ni mifugo? Kwetu swali hili si la darasani, maana mfugaji hulaumiwa kwa mengi. Kariuki, daktari wa mifugo, alilifuata hadi majumbani. Mwaka 1999 yeye na wenzake walilinganisha bakteria wa E. koli wa watoto na wa kuku walioishi nao pamoja, hawakufanana. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya kutembelea nyumba za wagonjwa wa Salmonella. Bakteria waliofanana na wa mgonjwa walipatikana kwa watu wa nyumba hiyo wasioonyesha dalili, wale wa wanyama walikuwa wengine. Hii haimaanishi kwamba dawa anayodungwa ng'ombe ovyo haina madhara. Inamaanisha kwamba kwa ugonjwa ule, njia ilikuwa kutoka mtu hadi mtu. Usimtafute mchungaji, tafuta choo, na tafuta maji yanakotoka.

Twende sasa hospitalini, maana huko ndiko usugu ulikomea meno. John Kiiru, Kariuki na wenzao walichambua E. koli 912 za wagonjwa wa Kenya, zilizokusanywa kwa miaka 18, kuanzia 1992 hadi 2010. Walikuta vimeng'enya vya aina nyingi vinavyokata jamii ya penisilini, vikiwemo vinavyozima hata zile antibiotiki za sindano za kizazi kipya. Mwaka 2011 Gunturu Revathi na wenzake wakaripoti jambo zito zaidi: Klebsiella saba kutoka hospitali moja ya Nairobi, zilizopatikana kati ya 2007 na 2009, zilibeba NDM-1, jeni inayozima kabapenemu, dawa ambazo daktari huzishika mwishoni zile nyingine zikishindwa. Jeni hiyo ilikuja kupewa jina mwaka 2009. Yaani tayari ilikuwa Nairobi kabla dunia haijajua iiteje.

Klebsiella wa hospitalini huhama kwa mikono, kwa mipira ya mkojo, kwa vitanda vinavyotumiwa na watoto wawili. Nesi mmoja akiwa na wodi nzima na bomba limekauka, mgonjwa aliyelala hapo amezembea nini?

Tunajua pia gharama yake. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa 2007 ulifuatilia watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi. Kati ya wale waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya waliofariki kwa malaria. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, kisha ufikirie mgonjwa wa kijijini. Zahanati, ngazi ya chini kabisa yenye wahudumu, haikuwekewa maabara ya kuotesha bakteria. Mhudumu anaangalia macho, anapima joto, anapima malaria, anakisia. Dawa ya kwanza isipofaa, mgonjwa anarudi, au anaenda kemisti, au anapanda gari la Hola au Malindi kama nauli ipo na mto haujakata barabara. Ukimwona njiani ameshika pakiti tatu za dawa tofauti, utamwita Bwana X. Ukweli ni kwamba amemaliza dozi zote, kila moja kama alivyoambiwa.

Nilisema nitamtetea nusu. Nusu ya pili ni ya Fleming: kila antibiotiki inayotumika bila sababu huwapa nafasi bakteria sugu, na duka linalouza vidonge viwili viwili halitusaidii. Ila aliwaza mtu mmoja na koo lake. Hakuzungumzia mfereji wa maji machafu, wodi iliyojaa, wala plasmidi inayosafiri bila pasipoti. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani, na eneo lililoumia zaidi kwa idadi ya watu wake ni Afrika kusini mwa Sahara. Ukimbebesha Bwana X vifo vyote hivyo, unakuwa umewasamehe wengi sana.

Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017. Julai 2025 ikaanza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya matumbo. Sindano moja, na mtoto anapunguziwa uwezekano wa kuhitaji dawa ile ambayo ingekataa. Kwangu hiyo chanjo ni matunda ya zile friza: watu walihesabu, wakaonyesha, wakasikilizwa. Bado maji safi na vyoo visivyobebwa na mafuriko. Bado maabara karibu na wagonjwa. Hayo hayamalizwi kwa kumeza dozi.