Amana ya Getreidegasse: Historia Fupi ya Nyumba Alimozaliwa Mozart

Katika mji wa Salzburg, nchini Austria, kwenye mtaa mwembamba wa maduka uitwao Getreidegasse, ipo nyumba nambari 9, yenye uso wa manjano na herufi za rangi ya dhahabu, ambayo tangu mwaka 1880 milango yake imekuwa wazi kwa wageni; nayo haikuwa kasri kamwe, wala haikuwa milki ya yule ambaye kwa ajili yake watu huzipanda ngazi zake. Mwenye nyumba alikuwa Johann Lorenz Hagenauer, tajiri wa viungo, aliyempangisha ghorofa ya tatu Leopold Mozart, mpiga fidla wa Askofu Mkuu, tangu mwaka 1747. Watoto saba walizaliwa katika vyumba vile, watano wakafariki wangali wachanga; waliojaaliwa kukua ni Maria Anna na nduguye Wolfgang, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1756. Baada ya miaka 26 ya kupanga, jamaa ile ikahamia ng'ambo ya mto Salzach, penye nafasi zaidi.

Zama zile Askofu Mkuu wa Salzburg alikuwa kiongozi wa dini na mtawala wa nchi kwa pamoja, na mwanamuziki, hata awe hodari namna gani, alihesabiwa miongoni mwa watumishi wake. Wolfgang alipoitwa Vienna mwaka 1781 kumhudumia Askofu Mkuu Colloredo, alikalishwa kula meza moja na wapishi na watumishi wa chumbani, jambo lililomchoma moyo. Hazikupita siku nyingi akatengana na bwana wake, akafanya maskani Vienna, na huko akafariki tarehe 5 Disemba 1791, umri wake miaka 35.

Waliomrejesha Salzburg ni jamaa zake. Mjane wake, Constanze, alikuja kukaa huko na mume wake wa pili, Georg Nikolaus Nissen, aliyekusanya barua za marehemu ili aandike historia ya maisha yake. Mwaka 1841 ikaundwa jumuiya ya muziki iliyopewa jina la Mozarteum. Mwaka uliofuata sanamu ya mtunzi ikasimamishwa katikati ya mji mbele ya wanawe wawili, mama yao akiwa amefariki miezi michache kabla. Wana wale hawakuacha kizazi, na hati za muziki, barua na vyombo walivyorithi wakaviachia jumuiya ile. Juu ya hiba hiyo ukajengwa Wakfu wa Kimataifa wa Mozarteum, ambao mwaka 1880 ulifungua vyumba vya Getreidegasse viwe makumbusho, na mwaka 1917 ukainunua nyumba yenyewe. Sisi watu wa pwani twaijua maana ya wakfu: mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakawaendea watu.

Amana hiyo ilipatwa na misukosuko. Nyumba ya ng'ambo ya mto ilipigwa bomu mwezi wa Oktoba 1944, sehemu kubwa ikaporomoka, na mahali pake pakajengwa jengo la ofisi. Wakfu ulilinunua jengo hilo mwaka 1989, ukalibomoa, ukaijenga upya nyumba kwa kufuata ramani za kale, na mwezi wa Januari 1996 ikafunguliwa.

Mgeni wa leo aliye na siku mbili mjini Salzburg, Jumamosi huanza na nyumba ya kuzaliwa. Humo ataona fidla ya utotoni, ndogo kwa kadiri ya mkono wa mtoto, na kinanda kidogo cha mbao ambacho Constanze alikiandikia kikaratasi kushuhudia kuwa juu yake mumewe alitunga, katika miezi michache ya mwisho wa uhai wake, opera iitwayo Die Zauberflöte pamoja na ile misa ya wafu.

Jumapili ni ya bustani. Kasri la Hellbrunn, kusini ya mji, lilijengwa kati ya 1613 na 1615 na Askofu Mkuu Markus Sittikus, mtu wa mizaha, aliyeamuru mabomba yafichwe ardhini. Ipo meza ya mawe iliyochimbwa mfereji katikati, maji yakipita humo kupoza mvinyo, na kila kiti cha wageni kina tundu. Zama zile mwenyeji alipotoa ishara maji yaliruka kutoka chini, wala mgeni hakuthubutu kuinuka maadamu mtawala ameketi. Kiti kimoja tu hakina tundu, nacho kilikuwa chake.

Ukirudi mjini kuna Mirabell, kasri ambalo Askofu Mkuu Wolf Dietrich von Raitenau alimjengea mpenzi wake Salome Alt mwaka 1606, na ambalo bustani yake ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1854. Katika ukumbi wake wa marumaru, walimotumbuiza watoto wa Leopold mbele ya wakubwa, siku hizi muziki wa Wolfgang hupigwa jioni kwa yeyote mwenye tiketi; na aliyetoka Hellbrunn nguo zingali majimaji, huingia, akachagua kiti chake, akaketi.