Kimea, Hopsi na Sheria: Nani Alimnyang'anya Mwanamke Chungu cha Pombe?

Sokoni Mchesi, hapa Lilongwe, unga wa nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya kupikia pombe au togwa huitwa chimera kwa Kichewa. Sisi tuliokulia Dzaleka tunauita kimea. Maneno hayo ni ndugu: la kwanza linatokana na kumera, la pili na kumea, na yote mawili yana maana ya kuota. Ufundi huu ni wa zamani kuliko mpaka wowote tuliouvuka kufika hapa.

Insha hii inauliza kwa nini ufundi uliokuwa mikononi mwa wanawake ulihamia viwandani. Jibu la kawaida ni kwamba bia ya kiwandani ni bora na hukaa muda mrefu. Nitaonyesha kwamba kwetu sheria ilifanya kazi kubwa kuliko ubora.

Jibu hilo la kawaida lina nguvu zaidi Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1996, mwanahistoria Judith Bennett anawachunguza wanawake wapika pombe wa huko kati ya mwaka 1300 na 1600. Pombe yao ya nafaka haikuwa na hopsi, yaani maua yanayotia uchungu na kuzuia bia isiharibike upesi. Ilichacha baada ya siku chache, hivyo ilipikwa nyumbani na ziada ikauzwa kwa majirani. Bia ya hopsi, iliyoingia kutoka Uholanzi na Flanders kuanzia karibu mwaka 1400, iliweza kuhifadhiwa na kusafirishwa. Kuipika kwa wingi kulihitaji vyombo vikubwa na mikopo. Wanawake wengi, hasa wajane na wasioolewa, hawakuwa na mtaji wala nafasi sawa kisheria, wakaachwa nyuma.

Kwetu hopsi haikuwapo. Mtama, ulezi au mahindi hulowekwa, hufunikwa mpaka yaote, huanikwa na kusagwa. Kimea hicho hutiwa katika uji uliopoa, kikaugeuza kuwa mtamu, kisha chachu ikafanya kazi yake. Pombe hunywewa ikiwa bado inatoa povu, na baada ya siku mbili tatu imekuwa chungu mno. Kwa kuwa haihifadhiki, hakuna tajiri aliyeweza kuirundika ghalani, na kila mtaa ulihitaji mpikaji wake.

Chibuku inathibitisha hoja hii. Ilianzishwa na Max Heinrich mjini Kitwe katika miaka ya 1950, na Malawi imezoeleka katika pakiti ya karatasi ngumu ambayo mnywaji huitikisa kwanza ili machicha yachanganyike. Pombe hiyo huendelea kuchacha humo humo pakitini, na haikai zaidi ya siku chache. Kiwanda, basi, hakikushinda tatizo la kuchacha. Kilishindaje chungu cha nyumbani?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika sheria zilizotangulia viwanda hivyo. Mwaka 1908 koloni la Natal liliruhusu manispaa kuwa na haki ya pekee ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya nafaka. Durban ikafungua kumbi zake, na faida ikatumika kuendesha mitaa ya Waafrika. Nairobi ilifuata mfano huo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tangu hapo mwanamke aliyepika pombe ile ile uani kwake alikuwa mhalifu. Mwezi Juni 1959, wanawake wa Cato Manor, Durban, walivamia kumbi za manispaa. Hawakukubali mishahara ya waume zao iishie humo huku vyungu vyao vikimwagwa na polisi.

Hata hivyo, tusiupambe wakati wa kale. Justin Willis, katika utafiti wake wa historia ya vileo Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba katika karne ya 19 unywaji ulitawaliwa na wazee wa kiume. Mwanamke alipika, mzee akagawa. Ni soko la mjini lililompa mpikaji fedha zake mwenyewe. Kwa hiyo, sheria za manispaa zilimnyang'anya uhuru aliokuwa ndiyo kwanza ameupata.

Historia hiyo haijaisha. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994, na wakimbizi walikuja na urwagwa na impeke kutoka Burundi na kasiksi kutoka Kivu. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti, likiwemo la haki ya ajira. Chungu hakiulizi kibali. Kinahitaji nafaka au ndizi, maji, kuni na majirani. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika chungu cha namna hiyo.

Sisemi kila kinachopikwa uani ni salama. Kachasu na lutuku, vileo vya kukenekwa, vimeharibu nyumba ninazozijua. Lakini hizo si pombe za siku mbili, na tukiziweka zote katika jina moja la "pombe haramu" tunaandika historia kwa kalamu ya polisi. Rekodi za mahakama zimehifadhi faini aliyotozwa mpikaji. Watoto aliowasomesha hawamo humo, na ni kazi yetu kuwaulizia wangali hai.