Chupa Tupu na Historia Iliyoganda Kitakoni

Zipo chupa ambazo umbo lake ndilo tangazo lake. Ile ya Drake's Plantation Bitters ya Marekani, yenye hataza ya mwaka 1862, ilifanywa mfano wa kibanda cha magogo. Ile ya Brown's Celebrated Indian Herb Bitters, ya mwaka 1868, ni sanamu ya mwanamke wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Ndani yake mlikuwa na kileo kikali kilichouzwa kwa jina la dawa. Asiyejua kusoma aliitambua bidhaa kwa sura yake, na kinywaji kilipokwisha, chupa ilipandishwa rafuni ikaendelea kutangaza. Ndiyo maana wakusanyaji wa leo bado wanazipata.

Jeddah, mlango huo wa kileo umefungwa. Anayekusanya chupa Al-Baghdadiyah, mtaa ulio kaskazini mwa mji wa kale, upande uliofunguka baada ya ukuta kubomolewa mwaka 1947, hana budi kuingia kwa mlango wa soda. Nao una sanamu yake. Mwaka 1915 Coca-Cola iliwataka watengenezaji wa vioo wabuni chupa ambayo mtu angeitambua kwa kuipapasa gizani, au hata ikiwa imevunjika chini. Kampuni ya Root Glass ya Terre Haute, Indiana, ilishinda kwa umbo lililotokana na mchoro wa tunda la kakao, ingawa kakao haimo katika kinywaji hicho.

Mwaka 1968 Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliisusia Coca-Cola kwa sababu ya kiwanda chake nchini Israeli, na kwa miaka kama ishirini Pepsi ikatawala Saudia. Kwa hiyo, rafu ya chupa zenye maandishi ya Kiarabu ina pengo, na pengo hilo nalo ni waraka wa historia.

Kwa karne nyingi bandari hiyohiyo iliwapokea mahujaji wa Unguja, Mombasa na Lamu, ambao walirudi makwao na maji ya Zamzam na mafuta mazuri. Kwao chombo hakikuwa pambo. Pwani ya Waswahili, chupa iliyokwisha kilichomo ilianza kazi ya pili: ilitiwa mafuta ya taa, mafuta ya nazi, samli au asali, ikazibwa kwa gunzi la hindi. Sokoni ikawa kipimo, hata neno "chupa" likataja kiasi pamoja na chombo. Chupa ya soda yenyewe ilibaki mali ya kampuni: mnunuzi asiye na chupa tupu aliweka amana, au alikunywa papo hapo dukani.

Hapo ndipo tabia mbili zinapogongana. Mkusanyaji hutafuta chupa safi isiyo na mkwaruzo. Wengine huzitia katika mtungi unaozunguka, pamoja na vipande vya waya wa shaba na unga wa kung'arishia, mpaka kioo king'ae kama kipya. Kovu la ufito wa mfua kioo chini ya kitako, na mshono wa kalibu ubavuni, hubaki, kwa kuwa vinathibitisha umri na kupandisha bei. Utando wa mafuta, alama ya kizibo cha gunzi na mikwaruzo ya safari huondoka. Kiwanda kinahifadhiwa, mtumiaji anafutwa.

Hasara hii inatugusa zaidi sisi, kwa kuwa mtengenezaji aliacha hataza na majina, ilhali hujaji aliyefunga chupa yake kwa kitambaa, na mama aliyeigeuza kipimo cha samli, hawakuacha karatasi. Walichoacha ni utando ulioganda kitakoni. Anayeipata chupa ya namna hiyo, iwe Al-Baghdadiyah au Malindi ya Unguja, na aandike kwanza imetoka nyumba gani na ilitiwa nini, kabla hajaigusa kwa maji na sabuni.