Msimbazi: Bonde Lililoitwa Jangwa

Kwetu Kolandoto, Msimbazi na Jangwani yalikuwa majina ya mpira kabla ya kuwa majina ya mahali. Msimbazi ilikuwa Simba, Jangwani ilikuwa Yanga, na redio ndiyo iliyotufundisha yote mawili. Hakuna aliyetuambia kwamba watani hao wamegawana majina ya mto mmoja na bonde lake. Nililijua hilo ukubwani, na tangu hapo nimeamini kwamba historia ya Dar es Salaam husomeka vyema zaidi katika mto huo kuliko katika bandari yake.

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, Kisarawe, ukateremka takriban kilometa 35 kuelekea baharini. Njiani hupokea vijito vya Luhanga na Ubungo, na karibu na mwisho wake Mto Ng'ombe, unaotokea upande wa Sinza na Tandale. Huingia baharini penye Daraja la Selander, mahali penye mikoko, kwa kuwa maji ya bahari hujaa na kupwa hapo mara mbili kwa siku. Mvua kubwa ya Pugu ikikutana na bamvua, maji ya mto hukosa pa kutokea, yakatanda bondeni. Hilo ndilo bonde lilivyoumbwa. Mafuriko ni tabia yake.

Watawala wa kikoloni waliliona bonde hili kwa jicho lingine. Waingereza waliendeleza mji uliogawanywa kwa kanda: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Magomeni ilipimwa ng'ambo ya bonde kwa ajili ya Waafrika zaidi. Bonde likabaki katikati, likihesabiwa kuwa ardhi tupu. Hata jina lake, Jangwani, lilisema hivyo: jangwa, mahali pasipo kitu.

Baada ya Uhuru mji ulikua haraka kuliko viwanja vilivyopimwa. Aliyekuja kutafuta riziki na kukosa kiwanja alijenga pale ambapo hakuna aliyemzuia, karibu na soko na kibarua chake. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde kuwa eneo la hatari, lakini makaratasi hayakumpa mtu yule kiwanja kingine.

Tarehe 20 Desemba 2011, siku 11 baada ya taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa ilianza kunyesha. Watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini. Familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 yakaja mabuldoza. Wakazi waliambiwa kwamba ni wavamizi wa mkondo wa maji.

Hapa ndipo ninapoomba tutafakari. Katika miaka hiyo hiyo, baina ya mafuriko na bomoabomoa, serikali yenyewe ilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale pale Jangwani. Huduma ilianza Mei 2016, na karakana imefurika mara kadhaa tangu hapo. Maskini aliyejenga bondeni aliitwa mvamizi. Taasisi iliyojenga bondeni iliitwa mradi. Mto haukutofautisha.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili: kuchimba mkondo, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana na kuacha eneo la wazi. Ni kukiri, kwa gharama kubwa, kwamba ardhi ile ina mwenyewe.

Usukumani jambo hili si geni. Wazee wetu walijenga juu, kwenye udongo wa kichanga, na mbuga ya udongo mweusi wakaiachia mpunga na mifugo. Hawakuiita tupu kwa sababu tu haikuwa na nyumba. Mtumishi wa umma anayeshika ramani leo, Dar es Salaam au Shinyanga, na ajiulize kwanza maji hupita wapi. Kisha, kabla ya kumwondoa mtu, ajiulize ni kiwanja gani alichowahi kuonyeshwa.