Mwethya: Nguvu na ustahimilivu bila kuuchosha mwili

Mwethya ni desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja. Huko Kitui na Makueni, vikundi vya mwethya huchimba mitaro ya ‘fanya juu’ na kujenga mabwawa ya mchanga wakati wa kiangazi.

Kazi hiyo hudai nguvu za kuinua mawe na ustahimilivu wa kurusha udongo mara mamia. Mawe mazito yainuliwe kwanza, asubuhi, misuli ingali na nguvu, uchimbaji ufuate. Aliyebeba mawe leo apewe kazi nyepesi kesho, kwani misuli iliyochoka huhitaji takribani saa 48 kujijenga upya.

Kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula na moyo kwenda mbio mtu aamkapo ni dalili za uchovu uliopita kiasi. Mwenye dalili hizo apumzike.